BAHARIA ALIYEKUWA WAZIRI: HABARI ZA JENERALI MATHEWS WA UNGUJA

Masomo ya Watu Wazima kwa Redio. Somo la Historia na Uraia, kwa vikundi vya wasikilizaji wa Handeni na Korogwe. Yamepigwa chapa hapa maneno yote kama yalivyosomwa, ili wenye kikundi waweze kuyarudia baada ya kipindi.

Maneno ya kujifunza kabla ya somo:

Manowari: meli ya vita.
Balozi: mtu anayetumwa na serikali yake kukaa katika nchi nyingine na kusema kwa niaba yake.
Mkataba: mapatano yaliyoandikwa na kutiwa sahihi.
Himaya: hali ya nchi kuwekwa chini ya ulinzi wa nchi nyingine yenye nguvu zaidi.

MTANGAZAJI: Ndugu wasikilizaji, hamjambo? Karibuni tena katika darasa letu. Nyote mliokusanyika Mazinde, Mombo, Maurui, Sindeni, Kwamkono na vijiji vingine vya Handeni na Korogwe, kaeni karibu na redio. Mwenye kikundi aweke daftari tayari, na mwenye kalamu aandike miaka tutakayoitaja. Leo Mwalimu atatueleza habari za mtu aliyeanza kazi akiwa kijana wa melini, akawa jenerali, kisha akawa waziri mkubwa wa Sultani wa Unguja. Karibu, Bwana Mwalimu.

MWALIMU: Ahsante sana, Bibi. Ndugu wasikilizaji, salaam. Najua wako watakaouliza, "Sisi wa Handeni tuna nini na baharia wa Unguja? Bahari hatuioni hata tukipanda mlimani." Swali hilo ni la haki. Lakini wazee wetu walikuwa na msemo kwamba zumari likipigwa Unguja, watu wa bara hucheza. Katika somo hili mtaona jinsi zumari lile lilivyopigwa, nani alilipiga, na jinsi nchi ya Uzigua na bonde la mto Ruvu zilivyochezeshwa bila kuulizwa.

Mtu wetu wa leo aliitwa Lloyd William Mathews. Alizaliwa tarehe 7 Machi 1850 katika mji wa Funchal, kisiwani Madeira, kisiwa kilicho chini ya Wareno katika bahari ya Atlantiki. Baba yake alikuwa mtu wa Wales, katika Uingereza. Mwaka 1863, akiwa na umri wa miaka 13 tu, aliingizwa katika jeshi la majini la Uingereza ili afundishwe uofisa. Msishangae. Zamani zile ndivyo ilivyokuwa desturi yao: mtoto alichukuliwa angali mdogo, akajifunza kusoma nyota, kupima kina cha maji, kutunza tanga na mzinga, na juu ya yote kutii amri.

Mwaka 1873 na 1874 alipigana katika vita vya Waingereza na Waashanti, katika nchi ambayo leo ni Ghana. Tarehe 31 Machi 1874 akapewa cheo cha luteni. Mwaka uliofuata, Agosti 1875, akapelekwa Unguja katika manowari iliyoitwa London.

MTANGAZAJI: Bwana Mwalimu, kabla hujaendelea, manowari hiyo ilikuwa na kazi gani Unguja?

MWALIMU: Swali zuri. London ilikuwa meli kuukuu iliyotia nanga bandarini, ikawa kama ghala na nyumba ya mabaharia. Mashua ndogo ziliondoka hapo kwenda kuvizia majahazi yaliyochukua watumwa. Maana tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash bin Said alitia sahihi mkataba na Waingereza wa kufunga soko la watumwa la Unguja na kukataza kusafirisha watumwa kwa bahari. Lakini kukataza kwa karatasi ni jambo moja, na kukoma kwa jambo lenyewe ni lingine. Majahazi yaliendelea kuvuka usiku kwenda Pemba na Arabuni. Luteni Mathews alikuwa mmoja wa waliokaa katika mashua zile, juani na mvuani, wakisubiri tanga lionekane. Alikamata majahazi kadhaa, akasifiwa na wakubwa wake.

Wasikilizaji wa Handeni, jambo hili si geni kwenu. Katika miaka ya 1830 njaa kali iliingia Uzigua. Wazee husimulia jinsi watu walivyoshuka pwani kutafuta chakula, wakadanganywa, wakapakiwa majahazini hata nchi ya Somalia. Wakatumikishwa huko, wengine wakatoroka wakakaa katika bonde la mto Juba, nao hawakuacha lugha yao ya Kizigua. Vita vilipoingia Somalia mwaka 1991, wako waliokimbia wakarudi katika nchi ya mababu zao. Serikali ya Tanzania iliwapokea, wakapewa mahali pa kukaa Chogo, wilaya ya Handeni, mwaka 2003, na wengi wao wakapewa uraia. Basi ukisikia habari za jahazi na manowari, usidhani ni ngano ya watu wa mbali. Katika majahazi ya namna hiyo walikuwamo ndugu zenu.

MTANGAZAJI: Haya, sasa huyu luteni alipataje kuwa jenerali?

MWALIMU: Sultani Barghash alikuwa mtu mwenye akili. Aliona kwamba askari wake wa zamani, Wabulushi, Washihiri na wengineo, walipigana kila mmoja kwa desturi yake, na pengine walimtii jemadari wao kuliko walivyomtii Sultani. Akataka jeshi jipya, lililovaa sare moja na kusikia amri moja. Mwaka 1877 akawaomba Waingereza wampe mtu wa kulifundisha. Wakamwazima Luteni Mathews, aliyekuwa na umri wa miaka 27.

Mathews aliandikisha vijana, wengi wao Waafrika, akawafundisha gwaride na shabaha. Serikali ya Uingereza ikatoa zawadi ya bunduki 500 aina ya Snider. Baada ya miaka michache jeshi lile lilipita watu elfu moja. Mathews alijifunza Kiswahili, akakisema na askari wake. Mwaka 1881 aliacha utumishi wa majini wa Uingereza, na Sultani akamfanya Brigedia Jenerali. Angalieni basi: katika jeshi la majini la kwao hakupita uluteni, lakini Unguja akawa mkuu wa jeshi zima.

Mwaka ule ule, tarehe 3 Desemba 1881, Kapteni Brownrigg wa manowari London aliuawa karibu na Pemba. Alikuwa amelisogelea jahazi lililochukua watumwa, na watu waliokuwamo wakamrukia.  Mathews akatoka na askari wake, akamfuata kiongozi wa jahazi lile, wakapigana, kiongozi huyo akajeruhiwa vibaya, akakamatwa.

Mpaka hapa tumemwona baharia, kisha askari. Sasa tutamwona akifanya kazi ya tatu, kazi ya kusema na wafalme na kubeba barua. Na hapa ndipo habari inapofika kwenu.

MTANGAZAJI: Wenye daftari, andikeni mwaka 1884.

MWALIMU: Naam, 1884. Sultani wa Unguja alidai kuwa nchi yake haiishii pwani bali inafuata njia za misafara mpaka maziwa makuu. Lakini bara alikuwa na nguvu kidogo sana. Njia moja kubwa ilianza Pangani, ikapanda kando ya mto, ikapita miji iliyojengwa visiwani mtoni kama Maurui na Korogwe, ikafika Mazinde, ikaendelea mpaka Upare na Kilimanjaro. Pale Mazinde alikaa Semboja, mtoto wa Kimweri ye Nyumbai, mfalme mkuu wa Usambara. Semboja aliacha milima akakaa bondeni kwa makusudi, ili awe karibu na njia. Msafara ukipita, ulitoa kodi, naye kwa kodi hiyo na kwa biashara ya pembe alinunua bunduki na baruti. Bendera ya Sultani angeipandisha ikimfaa. Hakuwa mtu wa kuamriwa. Na upande wa Saadani, Bwana Heri, kiongozi wa Wazigua, naye hakupenda kutawaliwa kutoka Unguja.

Basi mnamo Novemba 1884 Mjerumani mmoja, Dakta Carl Peters, aliondoka Saadani na wenzake wachache. Kwa muda wa kiasi cha wiki sita walizunguka katika nchi za Uzigua, Nguu, Usagara na Ukami. Walipofika kwa jumbe au chifu walitoa zawadi, wakanywa pamoja naye, wakapandisha bendera, kisha wakatoa karatasi. Karatasi ilisema kuwa chifu ametoa nchi yake yote na haki zake zote kwa watu wa Peters, milele. Ilikuwa imeandikwa kwa Kijerumani. Chifu akatia alama yake. Mikataba ilikuwa kama kumi na miwili. Unaojulikana zaidi ni ule wa Chifu Mangungo wa Msowero, Usagara, ambao watoto wetu husoma habari zake shuleni.

MTANGAZAJI: Bwana Mwalimu, niruhusu niseme kwa niaba ya kikundi. Je, machifu hao walikuwa wapumbavu?

MWALIMU: Hapana, Bibi, na naomba wasikilizaji wasiseme hivyo. Chifu alijua desturi ya kwao. Mgeni akija na zawadi, mkanywa pamoja, mkafanya udugu, basi mmekuwa marafiki, na rafiki huweza kupewa mahali pa kujenga na kulima. Katika desturi ile hakuna mtu mmoja aliyeweza kuuza nchi, maana nchi ilikuwa ya ukoo, ya walio hai na waliokufa na watakaozaliwa. Chifu alitia alama kwa urafiki. Peters alisoma alama ile kuwa ni kuuza. Karatasi ilikuwa moja, nao waliisoma kwa maana mbili, na aliyejua kusoma ndiye aliyepeleka maana yake Ulaya.

Tarehe 27 Februari 1885, siku moja baada ya kumalizika kwa mkutano wa Berlin, Kaisari wa Ujerumani alitoa hati ya kuzilinda nchi zile nne. Nchi ya Handeni ikaingizwa katika hati iliyotiwa sahihi Berlin, na huku mtu aliyekuwa akipalilia mtama wake hana habari.

Barghash alipopata habari alikasirika sana. Akapeleka simu kwa Kaisari kulalamika kuwa nchi zile ni zake. Naye akamtuma Mathews kwenda Kilimanjaro na askari. Kazi yake sasa haikuwa kupiga vita. Alikwenda kusema na machifu, kuwapa bendera nyekundu ya Sultani, na kupata maneno yao kwa maandishi. Machifu wengi wa Uchaga na Taita wakakiri kuwa wako chini ya Sultani. Mathews akarudi na karatasi yake. Muda mfupi baadaye akafika Mjerumani Karl Jühlke, mwenziwe Peters, naye akapata sahihi ya Mandara, chifu wa Moshi, kwa ajili ya Wajerumani. Mwaka ni ule ule, 1885.

MTANGAZAJI: Kwa hiyo chifu mmoja alitoa neno mara mbili?

MWALIMU: Ndiyo. Na kwa macho ya Mandara hapakuwa na ubaya. Alikuwa na adui jirani, alitaka marafiki wengi wenye bunduki. Lakini mtaona kuwa karatasi zote mbili, ya Mathews na ya Jühlke, hazikuamua jambo. Mwezi wa Agosti 1885 manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya jumba la Sultani, mizinga ikielekea mjini. Waingereza, waliokuwa marafiki wa Sultani miaka mingi, wakamshauri akubali. Akakubali. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani wakapatana wenyewe kwa wenyewe: Sultani abaki na visiwa na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 tu, na nchi za nyuma yake wagawane wao. Barghash alilazimika kuyakubali mapatano hayo, na mwezi wa Machi 1888 akafa.

Fikirini sasa hali ya Mathews. Alikula chumvi ya Sultani, na alivaa sare ya Sultani. Lakini alizaliwa raia wa Uingereza, na Uingereza ndiyo iliyomwambia Sultani akubali. Mshika mbili moja humponyoka. Swali hili, la nani hasa alikuwa bwana wake, litamfuata mpaka kaburini.

MTANGAZAJI: Tumesikia. Sasa tuingie Pangani.

MWALIMU: Mwezi wa Aprili 1888 Sultani mpya, Khalifa bin Said, alitia sahihi mkataba wa kuikodisha pwani kwa kampuni ya Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi. Agosti wakaja kuichukua. Pangani alikuja Emil von Zelewski, ambaye watu walimpa jina la Nyundo. Akataka bendera ya kampuni ipandishwe, akamdharau liwali wa Sultani, na habari zikaenea kuwa Wajerumani wameingia msikitini na viatu na mbwa. Mji ukachemka. Watu wa mji wakamfungia Nyundo na wenzake katika nyumba yao.

Sultani akamtuma Mathews, mnamo Septemba 1888, aende na askari kuleta amani. Alifika, akasema na wakubwa wa mji, akawatoa Wajerumani wale salama wakarudishwa Unguja. Hapo alifanya kazi ya balozi hasa: alikomboa watu kwa maneno bila kufyatua risasi. Lakini alipojaribu kubaki ili airudishe amri ya Sultani, mambo yakageuka. Watu wa mji na wa mashamba, na wengi kutoka bara waliokuja na silaha zao, wakaona kuwa Sultani amewauza. Aliyekuja na bendera ya Sultani walimwona ni mmoja wa wauzaji. Wakatishia kumwua. Mathews akaondoka.

Ndugu wasikilizaji, hapa nataka tusimame kidogo. Mtu huyu alikuwa na cheo, alikuwa na askari, alijua lugha, na alikuwa na barua ya Sultani. Mbona alishindwa? Alishindwa kwa sababu mkataba aliokuja kuutetea ulifanywa bila watu wa Pangani kuulizwa. Balozi anaweza kusema vizuri namna gani, lakini kama neno analolibeba halina ridhaa ya watu, ni kama kupeleka maji kwa pakacha.

Vita vikaanza, vikiongozwa na Abushiri bin Salim upande wa Pangani na Bwana Heri upande wa Saadani. Wasafiri wawili wa Kizungu, Hans Meyer na Oscar Baumann, waliokuwa wakishuka kutoka Usambara mwaka ule wa 1888, walikamatwa na watu wa Abushiri, wakaachiliwa kwa fidia. Wajerumani wakamleta Hermann von Wissmann mwaka 1889 na jeshi la askari wa kukodi. Abushiri alishindwa pwani, akakimbilia bara, akakamatwa katika nchi ya Uzigua, akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Bwana Heri alifanya amani mwaka 1890.

Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani wakafanya mkataba mwingine. Unguja na Pemba zikawa chini ya himaya ya Waingereza, na Wajerumani wakapewa kisiwa cha Heligoland kule kwao. Ule ukanda wa pwani ya Tanganyika ukanunuliwa na Wajerumani kwa marki milioni 4, fedha zilizolipwa kwa Sultani. Watu waliokaa juu ya ardhi ile hawakuona hata pesa moja.

MTANGAZAJI: Na Mathews je, baada ya hayo?

MWALIMU: Baada ya hayo alipanda cheo. Mwaka 1891 serikali ya Uingereza ilimteua kuwa balozi wake mkuu wa Afrika ya Mashariki, lakini hakuichukua kazi hiyo. Alibaki Unguja, na mwezi wa Oktoba mwaka ule akafanywa Waziri wa Kwanza wa serikali ya Sultani. Aliweka vitabu vya mapato na matumizi, akasimamia forodha, askari, barabara na mahakama. Sultani naye akawekewa posho ya mwaka. Tena Sultani hakuwa na ruhusa ya kumwondoa waziri huyu kwa hiari yake. Jambo hilo lilikuwa mkononi mwa balozi wa Uingereza. Hapo utajua nani hasa alikuwa mwenye nyumba na nani mpangaji. Mwaka 1894 Malkia wa Uingereza alimpa heshima, akaitwa Sir Lloyd Mathews.

Jaribio kubwa lilikuja mwaka 1896. Tarehe 25 Agosti Sultani Hamad bin Thuwaini alikufa ghafula. Khalid, mtoto wa Barghash, akaingia jumbani na watu wenye silaha, akajitangaza kuwa Sultani. Waingereza hawakumtaka. Mathews na Basil Cave wa ubalozi walimwonya aondoke, hakusikia. Tarehe 27 Agosti, saa tatu asubuhi, muda waliompa ukaisha. Manowari za Waingereza chini ya Amiri Rawson zikapiga mizinga. Vita havikufika hata saa moja. Wengi husema vilikuwa dakika 38. Upande wa Khalid watu kama 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Khalid akakimbilia ubalozi wa Ujerumani, kisha akachukuliwa Dar es Salaam.

Askari aliowafundisha Mathews walikuwa siku ile upande wa Waingereza. Na aliyepigwa alikuwa mtoto wa Barghash, yule aliyempa Mathews kazi, cheo na nyumba. Jeshi ambalo Barghash alilianzisha ili apate nguvu zake mwenyewe lilisaidia kumwondoa mwanawe. Sisemi kuwa Mathews alikuwa mtu mbaya. Nasema kuwa tunaweza kuona katika siku hiyo jibu la lile swali letu la mabwana wawili.

MTANGAZAJI: Je, hakuna jema alilolifanya?

MWALIMU: Liko, na haki yake tumpe. Alichukia utumwa tangu ujana wake mashuani. Tarehe 6 Aprili 1897, Sultani akiwa Hamoud bin Muhammed, ilitolewa amri kuwa sheria haiutambui tena utumwa Unguja na Pemba. Mtumwa aliyetaka uhuru alikwenda mahakamani kuuomba. Mathews alikuwa mmoja wa waliosimamia kazi hiyo. Lakini tuseme kweli yote: fidia ililipwa kwa bwana, wala si kwa mtumwa aliyetumikishwa; na masuria hawakuingizwa katika amri ile mpaka mwaka 1909. Huku bara, utumwa ulikomeshwa na sheria mwaka 1922 tu.

Sir Lloyd Mathews alikufa Unguja kwa malaria tarehe 11 Oktoba 1901, akiwa na umri wa miaka 51. Alizikwa kwa heshima za kijeshi katika makaburi ya Waingereza nje ya mji. Mwaka uliofuata, 1902, reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilifika Korogwe. Njia ya misafara iliyomtajirisha Semboja ikaanza kuota majani, na mashamba ya mkonge yakaenea bondeni. Mambo yaliyoanza kwa karatasi ya mwaka 1884 yakawa chuma na jasho.

MTANGAZAJI: Bwana Mwalimu, dakika zetu zinakwisha. Tuambie kwa ufupi, sisi wa kijijini tujifunze nini?

MWALIMU: Mambo matatu, Bibi.

La kwanza, kazi ya balozi. Balozi husema maneno ya mwingine. Kwa hiyo ukimsikia balozi, usiulize tu, "Anasema nini?" Uliza pia, "Nani amemtuma, na nani atalipa gharama ya maneno haya?" Tangu uhuru wetu wa tarehe 9 Desemba 1961 tuna mabalozi wetu wenyewe, nao hutumwa na serikali yetu, na serikali hiyo huwekwa na wananchi. Hiyo ndiyo tofauti kubwa na siku za Mathews.

La pili, nguvu bila ridhaa haidumu. Pangani ilimkataa mtu hodari kwa sababu haikuulizwa. Hata katika kikundi au chama cha ushirika, mwenyekiti akipatana na mnunuzi peke yake, atakaporudi kwa wenzake atapokewa kama alivyopokewa Mathews.

La tatu nalo ni kubwa kwenu mnaojifunza kusoma utu uzimani. Usitie sahihi wala dole gumba katika karatasi usiyoijua maana yake. Hata leo mtu huja kijijini na karatasi ya shamba, au ya mkopo, au ya kukodi ardhi kwa miaka mingi. Huja na maneno matamu na soda. Mwambie, "Karibu, keti. Karatasi iache hapa, tuisome." Akikataa kuiacha, basi umekwisha kuisoma. Ardhi ya kijiji ina mkutano wake na baraza lake. Mtu mmoja hana ruhusa ya kuitoa. Ipelekeni mbele ya watu, isomwe kwa sauti, kwa Kiswahili, mara mbili, na aliyeshindwa kuelewa aulize bila haya. Wazee wetu wa mwaka 1884 hawakukosa akili. Walikosa mtu wa kuwasomea. Ninyi mmekwisha kupata.

MTANGAZAJI: Ahsante sana, Bwana Mwalimu. Ndugu wasikilizaji, zimeni redio sasa, na mwenye kikundi asome maswali. Kila mtu aseme, wanawake kwa wanaume.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Taja kazi tatu alizozifanya Mathews kwa kufuatana, na mwaka wa kila moja.
2. Chifu na Carl Peters waliielewaje alama iliyotiwa katika karatasi? Eleza maana ya kila mmoja.
3. Kwa nini Mathews aliweza kuwatoa Wajerumani Pangani mwaka 1888, lakini hakuweza kuirudisha amri ya Sultani?
4. Mathews alikuwa mtumishi wa nani: Sultani au Uingereza? Wagawanyike watu wa kikundi pande mbili, kila upande utoe sababu zake.
5. Waulizeni wazee wa kijiji chenu: wanakumbuka habari gani za Semboja, za Bwana Heri, au za njaa iliyowapeleka watu pwani? Andikeni majibu yao katika daftari la kikundi, pamoja na jina la kijiji na tarehe.

Zoezi la kuandika: Mmoja wa kikundi aandike hati fupi ya kukodi shamba la ekari 2 kwa msimu mmoja. Wengine waisome kwa sauti na kutafuta neno ambalo laweza kusomwa kwa maana mbili. Likipatikana, hati iandikwe upya mpaka neno hilo liondoke.